Machozi Yanatiririka, Karatasi Inasema Macho Makavu

Tuseme karatasi ya kliniki imeandikwa hivi, kwa mwandiko wa haraka: “Sch 22/19. TBUT 3/4. OSDI 41.” Chini yake: “macho makavu”. Mwenye karatasi ni mama anayekausha samaki kwa moshi pale Dunga, Kisumu, na kilichompeleka kliniki ni machozi. Yanamtoka mchana kutwa, leso inalowa, samaki wanaungua huku akijipangusa. Sasa anaambiwa macho yake ni makavu. Nani amekosea hapa, kipimo au daktari?

Hakuna aliyekosea. Jina la ugonjwa ndilo linalopotosha. “Macho makavu” linamfanya mtu afikirie kisima kilichokauka, ilhali mara nyingi kisima kina maji na shida ni kwamba maji hayakai pale yanapotakiwa kukaa. Vipimo vya machozi ni vingi kwa sababu hiyo: kimoja kinauliza maji ni kiasi gani, kingine yanadumu muda gani, kingine yana chumvi kiasi gani, kingine uso wa jicho umeumia kiasi gani. Ukisoma jibu la swali moja kana kwamba ni jibu la swali jingine, lazima uchanganyikiwe.

Utando wenyewe

Machozi si yale ya msibani tu. Wakati wote macho yakiwa wazi, uso wa jicho umefunikwa na utando wa machozi wenye unene wa maikroni 3 hivi, yaani sehemu 3 kati ya 1,000 za milimita. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko huo mara ishirini na ushei. Machozi yote yaliyomo kwenye jicho moja kwa wakati mmoja ni kama maikrolita 7. Kijiko cha chai kingetosha macho mia saba.

Utando huo umepangwa. Chini kabisa, ukigusa jicho, kuna ute. Aliyekula mrenda anajua ute ni kitu gani: unavuta, unashika, unateleza. Kazi yake ni kuyafanya maji yashike. Mwaga maji juu ya jani la nduma uone yanavyojikusanya kuwa shanga na kuporomoka. Uso wa jicho usio na ute unayafanyia machozi vivyo hivyo. Juu ya ute, na kwa kiasi fulani yamechanganyika nao, kuna maji yenye chumvi na protini zinazopigana na vijidudu, yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Na juu ya yote kuna mafuta, membamba sana, yanayozuia maji yasipae hewani.

Mafuta hayo hutoka kwenye tezi zilizojipanga ndani ya kope: kati ya 25 na 40 kope ya juu, kati ya 20 na 30 kope ya chini. Ukijitazama kwenye kioo kwa karibu, nyuma kidogo ya nywele za kope, utaona mstari wa vitundu vidogo. Hapo ndipo mafuta yanapotokea kila unapopepesa. Kwa mtu mzima wa afya yanatoka laini kama mafuta ya kupikia. Tezi zikiziba, yanakuwa kama mafuta mgando asubuhi ya baridi ya Nakuru: yapo mkebeni, lakini hayamwagiki. Watu wengi wanaoambiwa wana macho makavu shida yao imeanzia kwenye vitundu hivi, wala si kwenye maji. Ajabu ni kwamba kope ndiyo sehemu inayorukwa zaidi kwenye uchunguzi wa haraka.

Maswali kabla ya vifaa

Namba 41 kwenye karatasi ya mama yule haikutoka kwenye kifaa chochote. OSDI ni hojaji ya maswali 12 kuhusu wiki moja iliyopita: je, mwanga ulikuumiza, ulihisi kama kuna mchanga, uliona ukungu ukisoma, upepo ulikusumbua? Kila jibu lina alama 0 hadi 4. Unajumlisha alama, unazidisha kwa 25, kisha unagawanya kwa idadi ya maswali yaliyojibiwa. Kuna swali la kuendesha gari usiku; asiyeendesha gari analiruka, ndiyo maana mgawanyo unafuata maswali yaliyojibiwa na si 12 daima. Mama yetu alijibu 11 na kupata alama 18: 18 mara 25 ni 450, gawanya kwa 11, unapata 41 kasoro kidogo. Hadi 12 ni kawaida, 13 hadi 22 ni hafifu, 23 hadi 32 ni wastani, 33 na kuendelea ni kali.

Hitilafu yake iko kwenye tafsiri. Hojaji ikisomwa kwa Kiingereza mbele ya mtu anayefikiri kwa Kiluo au Kiluhya, mpimaji akatafsiri papo hapo bila kujiandaa, “mchanga machoni” linageuka “uchafu machoni”, na jibu linabadilika. Tena swali la mashine ya benki linamhusu nani kijijini Vihiga? Liachwe wazi. Wapo wapimaji wanaoliwekea sifuri ili fomu ijae, na hapo jumla inashushwa kwa uongo.

Karatasi inayonyonya

“Sch” ni Schirmer, jina la daktari Mjerumani Otto Schirmer aliyekieleza kipimo hiki mwaka 1903. Zaidi ya miaka mia imepita na bado kinatumika kwa sababu hakihitaji umeme. Ni ukanda wa karatasi ya kuchujia wenye upana wa milimita 5 na urefu wa 35. Ncha inakunjwa kwenye milimita 5 za mwanzo, inaning'inizwa ndani ya kope ya chini, theluthi ya upande wa nje, kisha: “Mama, fumba macho taratibu, usiyakaze.” Dakika 5 zikiisha inatolewa na kusomwa imelowa hadi wapi, kuanzia kwenye mkunjo. Ni kama utambi wa koroboi: yaliyomo chini ndiyo yanayopanda.

Milimita 10 na zaidi kwa kawaida haitii wasiwasi. Milimita 5 au chini ni machozi machache kweli. Katikati ni ukungu, na anayekuambia kwamba 8 ni ugonjwa au ni afya bila kutazama kitu kingine anabahatisha.

Sasa tatizo lenyewe. Jicho lina mifereji miwili ya machozi, tukiiita hivyo kwa urahisi. Mmoja unatiririka polepole siku nzima, kama maikrolita 1 au 2 kwa dakika. Mwingine ni wa dharura: vumbi, kitunguu, moshi, msiba. Ukanda wa karatasi ndani ya kope ni dharura tosha, kwa hiyo Schirmer bila ganzi hupima mifereji yote miwili kwa pamoja. Ndiyo maana 22/19 ya mama wa Dunga (jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto) inasema kitu kimoja tu: mtambo wake wa dharura unafanya kazi barabara. Haisemi kama utando wake wa kila siku ni mzima.

Ukitiwa ganzi kwanza, mfereji wa dharura unatulizwa na kinachobaki kinakaribia ule wa kawaida. Namba hushuka. Hivyo “Sch 9” bila maelezo ni namba pungufu. Lazima iandikwe kama ilikuwa na ganzi au bila. Mambo mengine yanayoiharibu ni madogo lakini yanatokea kila wiki. Ukanda ukiwekwa katikati badala ya pembeni unagusa kioo cha jicho na machozi yanafurika. Machozi yaliyojaa kwenye ukingo wa kope baada ya ganzi yasipokaushwa, karatasi inaanza na mtaji. Feni ikielekezwa usoni, karatasi inakauka huku inalowa. Muda ukikadiriwa kwa macho, dakika 5 zinakuwa 3 siku foleni ni ndefu. Na karatasi ikilowa yote kabla ya muda, iandikwe “35 kwa dakika 2”, si “35” peke yake.

Hata ukifanya kila kitu sawasawa, mtu yuleyule anaweza kupata 7 leo na 13 wiki ijayo. Kipimo kina tabia hiyo. Kinaaminika zaidi kinapokuwa chini kabisa, tena mara mbili, kuliko kinapokuwa katikati.

Kuna kipimo ndugu yake, uzi wa pamba uliotiwa rangi ya fenoli nyekundu. Unakuwa wa njano ukiwa mkavu na mwekundu ukilowa, na huwekwa kwa sekunde 15 tu. Watoto huuvumilia kuliko karatasi. Na mpimaji mwenye darubini nzuri anaweza kutazama kimo cha machozi yaliyotuama kwenye ukingo wa kope ya chini bila kukugusa kabisa. Yakiwa chini ya milimita 0.2, maji ni machache.

Sekunde tatu

Namba iliyotoa siri ya mama wa Dunga ni 3/4. TBUT ni muda ambao utando unakaa mzima baada ya kupepesa kabla haujapasuka, kwa sekunde.

Ukanda mdogo wenye rangi ya fluoresini unaloweshwa kwa tone la maji ya chumvi, ziada inakung'utwa, kisha unagusishwa ndani ya kope ya chini. Mgonjwa anapepesa mara kadhaa ili rangi isambae, anaegemeza kidevu na paji la uso kwenye ile darubini ya mezani, anatazama mbele bila kupepesa. Chini ya mwanga wa buluu machozi yanang'aa kijani. Mpimaji anahesabu tangu kupepesa kwa mwisho hadi doa la kwanza jeusi litokee katikati ya ule ukijani. Doa hilo ni mahali utando ulipochanika. Ukipaka mafuta kidogo kwenye kikaango kikavu cha chapati utaona kitu kinachofanana nacho: mafuta yanaenea, yanang'aa, halafu ghafla yanajivuta na kuacha chuma kitupu. Inarudiwa mara tatu, wastani unaandikwa.

Chini ya sekunde 10 ina walakini. Chini ya 5 haina ubishi mwingi.

Fanya hesabu uone kwa nini sekunde zina maana. Mtu aliyetulia hupepesa kama mara 15 kwa dakika, yaani kila sekunde 4. Utando ukidumu sekunde 10, kope inaufufua kabla haujapasuka. Ukidumu sekunde 3, kila mzunguko una sekunde 1 ambayo sehemu ya jicho iko uchi. Sasa mpe simu. Anayekodolea skrini hupunguza kupepesa, mara 5 au 6 kwa dakika ni jambo la kawaida, yaani kila sekunde 10 au zaidi. Jicho linakaa uchi sekunde 7 kati ya 10. Mpandishe kwenye pikipiki kutoka Kondele hadi Maseno bila kushusha kioo cha helmeti, na upepo unafanya kazi ya skrini mara dufu.

Jicho lililo uchi linapiga kelele. Neva zake ni nyingi na nyepesi kushtuka, ubongo unasikia na kufungua mfereji wa dharura. Machozi yanamwagika, mengi, lakini ni ya kuoshea: maji tele, mafuta na ute haba kwa kiasi chake. Yanaporomoka shavuni kama maji kwenye jani la nduma. Jicho linabaki uchi, linapiga kelele tena. Moshi wa samaki unaongeza chumvi kwenye kidonda. Hivyo ndivyo mtu analowesha leso huku akiwa na ugonjwa wa macho makavu.

Makosa ya kipimo hiki nayo yanajulikana. Rangi ikizidi, machozi yanazidi na utando unavurugika. Mpimaji akishikilia kope kwa vidole, anaunyoosha utando kwa nguvu na unapasuka mapema. Ganzi ikitangulia, namba haina thamani. Kuhesabu kichwani “moja, mbili, tatu” huku ukizungumza na mgonjwa mwingine mlangoni hakupimi kitu. Kwa sababu rangi yenyewe inautikisa utando, kuna mashine zinazomulika duara za mwanga juu ya jicho na kungoja zipinde, bila kugusa chochote. Kliniki isiyo nayo inatumia rangi kwa uangalifu, na mgonjwa hapungukiwi sana.

Chumvi inapokolea

Acha supu ya samaki ichemke bila kifuniko. Maji yanapaa, chumvi haiendi popote, mwishoni supu haionjeki. Machozi yanayopaa haraka yanakuwa hivyo, na machozi yenye chumvi kali yanazichoma seli za uso wa jicho na kuleta uvimbe. Kipimo chake kinaitwa osmolariti. Kinahitaji nanolita 50 tu za machozi, kiasi ambacho jicho lako wala lisingekiona, kinachonyonywa na kalamu maalumu pembeni ya kope ya chini. Kiwango cha 308 milioosmoli kwa lita au zaidi kwenye jicho lolote, au tofauti inayozidi 8 kati ya macho mawili, ni ishara ya ugonjwa. Damu, kwa kulinganisha, iko karibu na 290.

Hapa wasomaji wa karatasi hujikwaa. Kwenye Schirmer na TBUT, namba kubwa ni njema. Kwenye osmolariti na OSDI, namba kubwa ni mbaya. Ukipokea karatasi yenye 316 usishangilie.

Jingine la kujua: jicho zima hushikilia chumvi yake palepale leo na kesho. Jicho gonjwa hupanda na kushuka. Ukipimwa 298 asubuhi na 313 wiki inayofuata, usikimbilie kusema mashine ni mbovu. Kuyumba huko ni sehemu ya ugonjwa. Mashine hii haipatikani kila kliniki, na kukosekana kwake hakumzuii daktari mzuri kufikia jibu.

Alama za kuumia

Rangi ileile ya fluoresini, ikiachwa dakika moja au mbili, hujikusanya mahali seli zilipochubuka. Vitone zaidi ya 5 kwenye konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, vinahesabiwa kuwa madhara ya kweli. Rangi nyingine ya kijani, lisamini, huonyesha sehemu nyeupe ya jicho; hapo ni zaidi ya 9.

Usitegemee maumivu yakuambie uko wapi. Wapo wanaolia kwa uchungu na konea yao ni safi. Wapo, hasa wenye kisukari cha miaka mingi, ambao neva za konea zimefifia: vitone vimetapakaa na wao wanasema hawajambo. Kwa hawa rangi inaona kile ambacho OSDI haiwezi kusema.

Mwaka 2017 jopo la kimataifa la wataalamu, TFOS, liliweka utaratibu uliofuatwa na wengi: mtu awe na dalili (OSDI 13 au zaidi, au hojaji fupi ya maswali 5 yenye alama 6 au zaidi), pamoja na angalau moja kati ya hizi: utando unaopasuka kabla ya sekunde 10, osmolariti iliyopanda, au rangi iliyoshika. Schirmer haimo katika zile tatu. Inakuja baadaye, kujua ni ugonjwa wa aina gani: wa maji machache, wa maji yanayopaa, au wa yote mawili. Mama mwenye 22/19 ana OSDI 41 na sekunde 3. Amefika kwenye ugonjwa bila Schirmer kumsaidia hata kidogo, na ile 22 inamwambia daktari akatazame mafuta.

Mpangilio wa vipimo nao si wa kuchagua. Maswali kwanza, kisha visivyogusa jicho, kisha chumvi, kisha rangi, Schirmer mwisho. Ukianza na karatasi, umelichokoza jicho na kila kinachofuata kinapima uchokozi wako.

Yanayosemwa mitaani

Kwamba kulia sana kunamaliza machozi: hapana, tezi hazina akiba inayokwisha. Kwamba ni macho mekundu yale ya kuambukiza, yaliyosambaa Pwani mwanzoni mwa 2024: hapana, macho makavu hayaambukizi, na uchafu mwingi unaonata asubuhi si tabia yake. Kwamba ni mzio: inawezekana vikawa pamoja, lakini mzio unawasha kwanza, macho makavu yanachoma kwanza. Mtoto anayesugua macho mpaka yawe ya rangi ya udongo apimwe mzio.

Kunywa maji mengi? Mwili ukiwa umekaukiwa, machozi nayo yanakolea chumvi, kwa hiyo kunywa. Lakini hakuna kiasi cha maji kitakachozibua tezi ya mafuta.

La hatari zaidi ni chupa ndogo ya dukani. Dawa za kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe kwa saa chache, kisha wekundu unarudi na mkubwa wake. Na zile zenye deksamethasoni ndani, dawa ya steroidi, hutuliza kweli, na kwa sababu zinatuliza watu wanazirudia mwezi baada ya mwezi bila kupimwa presha ya jicho. Glaukoma na mtoto wa jicho vinaingia hivyo, kimyakimya. Maziwa ya mama, asali, chai ya rangi: viache jikoni, vina vijidudu au sukari ambavyo jicho lililochubuka halivihitaji.

Kabla ya kwenda kupimwa

Usitie matone yoyote kwa muda wa saa mbili kabla ya kupimwa. Usipake wanja wala mafuta karibu na kope. Anayevaa lenzi za machoni azitoe, na aulize kliniki mapema azitoe tangu lini. Usisugue macho ukiwa kwenye foleni. Beba dawa zako zote, hata za magonjwa mengine, kwa sababu vidonge vya mafua na mzio kama klorofeniramini, vidonge vya sonona au maumivu ya neva kama amitriptilini, na matone ya glaukoma yenye kihifadhi (kemikali ya kuzuia vijidudu ndani ya chupa) hukausha macho. Sema kama viungo vinavimba na mdomo unakauka. Ugonjwa wa Sjögren, uliobeba jina la daktari wa Uswidi aliyeuandikia tasnifu mwaka 1933, huanza hivyo. Sema kama uliwahi kupata trakoma, au kuchubuka ngozi na macho baada ya dawa kama Septrin. Makovu yake hufunga tezi na kuua seli za ute.

Sema pia saa. Macho yanayozidi jioni yanalandana na utando usiodumu. Yanayozidi unapoamka yanamwelekeza daktari kwenye kope: tezi zilizovimba, au kope zisizofumba vizuri usiku chini ya feni, na Kisumu ni wachache wanaolala bila feni.

Tiba inafuata swali gani lilijibiwa vibaya. Maji yakiwa machache, matone ya machozi ya bandia na wakati mwingine vizibo vidogo vya kitundu kinachoyaondoa machozi jichoni kwenda puani. Tone moja latosha: lina maikrolita 40 au 50, na jicho haliwezi kushika zaidi ya 30 hivi, kwa hiyo la pili ni la shavu. Ukihitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, omba yasiyo na kihifadhi, maana kihifadhi chenyewe kinapasua utando.

Mafuta yakiwa ndiyo shida, kama kwa mama wa Dunga, matone peke yake ni kumwaga maji juu ya nduma. Kitambaa safi, maji ya moto ambayo mkono unavumilia, kijaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono kama maziwa ya mtoto. Weka juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 10. Kitambaa kinapoa baada ya dakika mbili hivi, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanakiacha kikapoa pale pale, mafuta hayayeyuki, kisha wanasema tiba haifanyi kazi. Kichovye tena na tena. Halafu kwa kidole safi kanda kope ya juu kwenda chini na ya chini kwenda juu, kuelekea kwenye nywele, bila kukandamiza mboni. Asubuhi na jioni, kwa wiki 4 angalau kabla ya kupima upya. Na jiko la samaki lihamishwe ili upepo wa alasiri kutoka ziwani upeleke moshi upande mwingine.

Kuna mambo yasiyongoja vipimo hivi. Jani la muhindi au la muwa likikupiga jichoni shambani, Muhoroni au Mumias, na siku mbili baadaye jicho linauma, linachukia mwanga au lina doa jeupe, hilo si jicho kavu. Huenda ni kidonda cha konea, mara nyingi cha kuvu, na deksamethasoni hukilisha. Nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye wataalamu wa macho, kama ile ya Sabatia kule Vihiga.

Karatasi ya kwanza usiitupe. Siku ya marudio omba upimwe saa ileile, na kama Schirmer ilifanywa bila ganzi, iwe bila ganzi tena. Mwombe mpimaji aandike hilo kando ya namba, kwa kalamu, kabla hujatoka chumbani.